Gari Lililoogelea

Aliyeigundua siri ya gari langu ni mama mkwe wangu, siku mvua ya kwanza iliponyesha. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba wake wa hospitali mapajani. Akanusa mara moja, akanusa tena, kisha akanigeukia.

"Yah," akaniita kwa kifupi cha jina langu, "gari hili limeogelea."

Nikamwambia ni mtaro wa sokoni umefurika, harufu inaingia dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa, na sote wawili tulilijua hilo. Hakubishana nami. Mama mkwe wangu, Wan Senah, ni mtu wa mwili. Akauvuta mkanda wa kiti mpaka ukaisha, akanionyesha kipande cha mwisho kabisa, kile ambacho mtu mwembamba hakifikii. Kilikuwa na ukoko mkavu wa rangi ya njano, kama bizari iliyogandia kinuni.

Sisi wa jimbo la Kelantan tuliozaliwa kando ya mto hatukufundishwa tope hilo la mafuriko na mtu. Mwisho wa mwaka mto unapanda, unaingia nyumbani bila hodi, na ukiondoka unaliacha kwenye magodoro, kwenye sufuria, kwenye nguo za sikukuu. Mtoto wa hapa huijua harufu yake kabla hajajua alifu. Nilikaa nimeshika usukani, nikasema innalillahi, nikawasha gari nimpeleke kwenye kusafishwa damu. Siku hiyo liliwaka.

Gari lile nililinunua kwa ajili yake yeye. Figo zake zimechoka, na kila baada ya siku moja lazima afike hospitali ya wilaya, ng'ambo ya mto, mashine imsafishe damu. Asipokwenda, maji yanajaa mwilini: yanaanza miguuni, yanapanda, mwisho yanaishika pumzi. Marehemu mume wangu alipokuwa anaondoka duniani hakuniachia neno ila hilo, mama yake. Nikamjibu nimempokea. Miaka hiyo yote alikuwa akitubeba kwa gari lake jirani yetu, mzee Pak Deraman, mpaka bintiye alipomchukua kwenda kukaa naye Johor, kusini mwa nchi. Leseni ninayo tangu ujana wangu. Nikakusanya nilichopata kwa kuuza sokoni wali wa buluu, ule unaotiwa rangi kwa maua, nikaenda kwenye yadi ya Haji Ruslan.

Haji Ruslan ana yadi kubwa ya magari ya mkononi kwenye barabara ya kwenda mjini. Ndiye aliyetoa mazulia ya msikiti wetu mdogo. Na mtu ambaye unasujudu juu ya zulia lake, humkagui sana. Aliniambia gari lilikuwa la mwalimu wa kike, kazi yake shule na nyumbani, nyumbani na shule. Lilikuwa linang'aa. Nyuma ya kiti cha nyuma kulikuwa na majani ya pandani, haya tunayotia kwenye wali, na madereva wetu wote huyaweka garini yafukuze mende na kuleta harufu njema. Nikasema moyoni, huyu mwalimu alikuwa mwanamke msafi. Sikujiuliza kwa nini majani yenyewe yalikuwa mengi kama ya kupikia harusi.

Kiangazi chote gari likawa na adabu. Mvua ilipofika, adabu ikaisha. Vioo vilikuwa vinashuka vyenyewe. Taa zikawa zinawaka zinapotaka. Ijumaa moja nikaliegesha karibu na msikiti, khatibu yuko katikati ya hotuba juu ya subira, honi ikaanza kulia yenyewe na haikunyamaza. Wanaume wakatoka na makanzu yao, wakafungua boneti, wakaipiga betri ngumi. Khatibu alimaliza hotuba kwa kupaza sauti, na baadaye akaniambia kwa upole kwamba siku hiyo hata yeye alikuwa anajihubiria mwenyewe.

Nikalirudisha kwa Haji. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, sikatai. Nilipotaja tope la kwenye mkanda akasema huenda mwalimu alikuwa na shamba. Kisha akatabasamu na wale wauzaji wake wamesimama wanasikiliza.

"Mama Yah, gari la mkononi ni kama mume wa pili. Lazima umzoee."

Wauzaji wakacheka. Nikaweka kikombe chini.

"Mume wa pili, Haji, angalau mtu humwuliza alikotoka."

Wakacheka zaidi, lakini sasa walikuwa wanamcheka yeye, nikaona shingo yake imebadilika rangi. Aliamrisha gari lioshwe, likapuliziwa manukato, likatiwa majani mapya ya pandani. Nikaondoka nalo likinukia kama bibi harusi. Nilipoomba kubadilishiwa, mmoja wa wauzaji akaniambia pale mlangoni kwamba nilitia sahihi kuwa nimelikubali jinsi lilivyo, na aliyenunua amenunua.

Halikupita juma likatuzimikia katikati ya mashamba ya mpunga, mvua inapiga, simu haina mtandao. Nilipiga stata mpaka kidole kikafa ganzi. Tulipopata wa kutuvuta, zamu ya mashine ilikuwa imepita. Kesho yake asubuhi Wan Senah alikuwa hawezi kulala chali. Pumzi inakuja kwa mafungu, midomo imeingia ubuluu. Gari la wagonjwa lilikuja kumchukua. Nilimkuta wodini, amefunikwa pua na mdomo kwa ile barakoa ya hewa, na mtu huyu ambaye hajawahi kukosa neno alikuwa hana hata moja. Akanishika mkono tu. Nilimwogopa Mungu siku ile kwa ahadi niliyoiweka.

Alirudi nyumbani, alhamdulillahi. Lakini nilijua kwamba likizima mara nyingine, naweza nisirudi naye.

Sokoni jirani yangu wa kibanda, Mek Ngah, muuza samaki wa kuchachusha, alikuwa na dawa yake. Nimpige Haji picha na yadi yake, nimtie kwenye simu, nchi nzima imtukane kabla ya adhuhuri. Akasema yeye mwenyewe atanisaidia maneno, anayo mengi na hayana pa kwenda. Wengine walinielekeza kwenye baraza la malalamiko ya wanunuzi. Baraza nililiheshimu, lakini baraza hutoa tarehe, na figo hazingoji tarehe. Na la simu sikulitaka. Aibu ya Mwislamu ukiifungua barabarani, huwezi tena kuifunga, hata akitubu.

Nikawa natafuta njia na kuomba. Ndipo ukaja mwaliko. Zamu ya hija ya mkewe Haji Ruslan, Bi Zaharah, ilikuwa imefika. Kwetu mtu hujiandikisha akiwa na nywele nyeusi, akaitwa zimeshakuwa nyeupe. Haji alikwishahiji zamani. Safari hii anampeleka mkewe. Basi wanafanya karamu ya dua nyumbani kwao, wanaalika kijiji chote na wateja wote, waagane na waombane radhi. Msafiri wa hija haondoki na haki ya mtu begani. Anakaa barazani, watu wanapita mmoja mmoja, anamwambia kila mtu niwie radhi, nilichokula chako kiwe halali yangu. Na kila mtu anajibu nimekuwia radhi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akijibu vingine.

Nilikwenda. Nilivaa baju yangu ya kijivu, vazi letu refu la heshima, nikabeba sukari kilo mbili kama inavyostahili mgeni. Ng'ombe alikuwa amepikwa kwenye masufuria yale ambayo mtoto anaweza kuogeshwa ndani. Wanawake tuliosha vyombo pamoja, tukasoma Yasini, tukala. Nami nilikula, kwa sababu kuacha chakula cha mtu ni tusi. Kisha mstari ukaanza kupita barazani, nikajipanga.

 Mbele yangu watu walikuwa wanapita upesi, neno lile lile, machozi kidogo, wanakwenda. Nilifikiri: sema tu, Rogayah, ni neno moja, watu wanataka kurudi makwao. Halafu nikafikiri: radhi ya uongo nimpe mtu akasimame nayo Arafa? Hiyo nayo ni kumwuzia gari bovu.

Ikafika zamu yangu. Haji Ruslan alikuwa na kofia mpya nyeupe, Bi Zaharah kando yake. Akaweka mkono kifuani.

"Mama Yah, niwie radhi. Kilichonifikia kutoka kwako kiwe halali."

"Bado, Haji."

Nilisema taratibu, lakini wale wa nyuma yangu waliacha kuongea. Haji akacheka kidogo, akawaangalia watu.

"Mama anapenda mzaha."

"Si mzaha. Mengine yote nimekuwia radhi. Liko moja bado, unalijua nami nalijua. Njoo nyumbani kwangu kabla ya safari. Si la kusemwa mbele ya wali wa watu."

Bi Zaharah alinitazama, kisha akamtazama mumewe. Ni mwanamke mwembamba, mpole, nilikuwa nikimwona tu kwenye darsa za Ijumaa.

"Lipi hilo, dada?" akaniuliza.

"Muulize mwenye nalo, dada yangu."

Nikawaaga wote wawili, nikaondoka. Sikugeuka nyuma. Nilisikia tu nyuma yangu mzee mmoja anakohoa, na mstari haukusogea kwa muda.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imefunga mbingu, na ilikuwa siku ya mashine. Namvalisha Wan Senah viatu, nikasikia hodi. Alikuwa Haji, na mkewe ameshika mwavuli. Nyuso zao zilinionyesha hawakulala vizuri. Haji alianza hata kabla hajakaa: ana bahasha, ni sehemu ya ile bei, tuyamalize kindugu, na gari nibaki nalo, fundi wake ataliangalia atakaporudi kutoka Makka.

Kabla sijajibu, Wan Senah akaegemea mkongojo wake akainuka.

"Bahasha weka mfukoni, mwanangu, italowa. Mimi nachelewa hospitali. Gari unalisifu, basi panda utupeleke. Na wewe mama, njoo ukae nami nyuma, tuongee."

Nani angekataa? Mgonjwa anamwalika muuzaji kwenye gari alilouza mwenyewe. Haji akashika usukani, nami nikakaa kando yake. Kwa mapishi yale ya manukato na pandani, safari ilianza vizuri. Tulipofika njia panda, kioo cha upande wa Bi Zaharah kikashuka chenyewe na mvua ikaingia yote. Akakipandisha kwa viganja. Kikashuka. Hapo zulia la chini likalowa, na ile harufu ikaamka, ikapanda kama mtu anayeamka usingizini. Nilimwona kwenye kioo cha dereva. Bi Zaharah ni mtoto wa mto kama sisi. Akaziba pua kwa ncha ya mtandio, akafumba macho.

Katikati ya daraja likazima.

Haji alipiga stata, likaguna. Akapiga tena, honi ikajibu badala ya injini, ikalia bila kukoma. Foleni ikajipanga nyuma yetu. Mto chini ulikuwa mwekundu na umejaa. Haji akashuka na kanzu yake na kofia yake nyeupe, akaanza kusukuma peke yake, maji yanamtiririka ndevuni. Ikapita pikipiki yenye mkokoteni, juu yake wanawake wa sokoni na kapu zao, na Mek Ngah mbele kabisa kama amiri jeshi. Aliposoma uso wa anayesukuma, alisimama wima.

"Haji! Umeamua kwenda Makka kwa miguu?"

Wanawake wale walicheka mpaka kapu moja la vitunguu likamwagika. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Wan Senah alicheka nyuma mpaka akashindwa kupumua, nami kicheko kikanikatika pale pale. Nikageuka. Alikuwa ameshika kifua, anatafuta hewa, na sasa Bi Zaharah alikuwa anamwona: miguu iliyovimba ndani ya viatu, midomo inabadilika rangi.

"Dada, nini hiki?" akauliza. "Ana nini?"

Nikamweleza. Ni mashine, na zamu yake inapita sasa hivi. Mara ya mwisho gari hili lilipotufanyia hivi, alilazwa na hewa ya chupa. Nilimweleza yote bila kupandisha sauti, na Haji alikuwa amesimama dirishani ameloa, anasikia.

Bi Zaharah akatoa simu, akapiga yadi. Alisema maneno machache: leteni gari langu darajani, sasa hivi, lile langu mimi. Kisha akashuka na mwavuli, akasimama mbele ya mumewe. Hakumfunika kwa mwavuli.

"Abang," akamwita, kama wake wa kwetu wanavyomwita mume, "gari hili lilitoka wapi?"

Haji akaangalia mto. Watu wa foleni walikuwa wameshuka, wanatazama. Wan Senah akatoa kichwa, pumzi ndogo, sauti ndogo.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema, tuwahi."

Haji Ruslan akavua kofia yake, akaikamua maji. Nadhani alikuwa anatafuta la kufanya na mikono.

"Nililinunua mnadani, jimbo la Selangor," akasema. "Bei ilikuwa rahisi mno. Sikuuliza kwa nini. Sikuuliza ili nisijue."

"Kwa hiyo ulijua," mkewe akasema.

"Nilijua."

Ndipo gari la Bi Zaharah likafika, dogo, la fedha, limeendeshwa na yule muuzaji aliyeniambia aliyenunua amenunua. Tulimsaidia Wan Senah kuhamia. Yule muuzaji alimshikia mkoba na mwavuli. Nilipotaka kukaa nyuma, Bi Zaharah akanifungulia mlango wa dereva.

"Endesha mwenyewe, dada. Hili ni lako."

Haji akasema, polepole, kwamba lile ni gari la mkewe, yeye mwenyewe alimpa.

"Ndiyo, langu," akajibu. "Ndiyo maana naweza kulitoa. Nimengoja hija yangu tangu wanangu wako tumboni. Siendi huko na pumzi ya mama huyu shingoni mwangu."

 Haji akanigeukia mimi, mvua inampiga usoni, mkono kifuani kama jana.

"Mama Yah, sasa?"

Nilimwonea huruma, na huruma ni jambo zuri. Lakini nilikuwa bado na moja.

"Na lile pale, Haji? Utamwuzia nani?"

Akaligeukia gari lililokuwa linalia honi peke yake katikati ya daraja. 

"Haliuzwi tena," akasema. "Nitalipeleka kwa watu wa vyuma chakavu, na wewe utakuwepo."

Tuliwahi mashine. Muuguzi alisema zamu ilikuwa imebaki na dakika chache tu kupewa mwingine. Nilikaa nje ya chumba kile nikisikia mashine inapiga, damu inatoka imechoka na kurudi imesafishwa, nikaswali dhuhuri pale pale kando ya benchi.

Haji alitimiza. Tulikwenda pamoja ofisi ya magari, jina likabadilishwa likawa langu. Alinitajia kasoro za gari jipya moja moja bila kuulizwa: mlango wa nyuma wa kulia lazima ubamizwe, redio inakamata stesheni moja tu. Lile lililoogelea nilishuhudia linapondwa kwenye yadi ya vyuma chakavu, na lilipobanwa honi ililia mara ya mwisho, mlio mfupi, kama mtu aliyekanyagwa. Nasikia siku hizi wateja wa Haji huonyeshwa mikanda ya viti mpaka mwisho wake, kabla hawajauliza.

Siku ya safari yao kijiji kizima kilikuwa nje ya nyumba. Mwadhini alisimama ngazini kuwaadhinia wasafiri, kama desturi. Neno langu la kwanza nililisema mbele ya watu, basi na la pili lilitaka watu. Nililiendesha gari mpaka uani, Wan Senah kando yangu, watu wakatupisha njia. Nikashuka. Haji alikuwa ameanza kupanda basi. Akashuka tena aliponiona.

"Haji Ruslan," nikasema, na sasa sikusema taratibu, "nimekuwia radhi. Duniani na akhera. Hakuna kilichobaki."

Alilia, mwanamume mzima, mbele ya wateja wake. Bi Zaharah akanikumbatia akaninong'oneza nimtajie la kuniombea pale kwenye Nyumba ya Mungu. Nikamwambia mwombee mama mkwe wangu pumzi, na mimi barabara isiyo na mashimo.

Basi lilipoondoka nikamwuliza Wan Senah kama tumechelewa, maana ilikuwa siku ya mashine.

"Hatujachelewa," akasema, akajiweka sawa mtandio na kuteremsha kioo kwa mkono wake mwenyewe. "Zunguka sokoni kwanza. Polepole. Nataka Mek Ngah anione vizuri."